Ngazi Ishirini na Mbili za Mzee wa Kipimo

Kitabu kile mwalimu wa kisomo alitusomea kwa majuma matatu, na Mzee wa Kipimo alikipinga kwa majuma matatu.

Tulikuwa tunasomea ndani ya godauni la kijiji, saa tisa alasiri, tumekalia magunia ya mbegu za pamba. Mimi wakati huo nilishakuwa mama wa watoto wanne, na penseli nilikuwa naishika kama mwiko. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Magoma, mpole, mwenye sauti ya kusikika hadi kwa wale wa nyuma waliokuja kusinzia. Kitabu chenyewe kilitoka kwenye sanduku la maktaba ya kijiji. Hakikuwa na jalada wala jina, maana panya walianza kukisoma kabla yetu. Kilikuwa cha watoto, habari za mtu ambaye chombo chake kilizama akabaki peke yake kisiwani.

"Chumvi alipata wapi?" aliuliza Mzee wa Kipimo.

"Kisiwa kiko baharini, mzee. Chumvi ipo tele."

"Siku alizihesabuje?"

"Alikata alama kwenye gogo."

"Asubuhi au jioni?"

Mwalimu akarudi ukurasa wa nyuma, akatafuta kwa kidole. "Haijaandikwa."

"Basi huyo hajakaa kisiwani," alisema Mzee wa Kipimo. "Ameambiwa tu."

Waliocheka ni wale waliohamia kutoka vitongoji vingine. Sisi wa kitongoji chake hatukucheka, kwa sababu yeye alikaa kisiwani siku tisa, na alama zake aliweka mbili kwa siku.

Watu wengi wamenieleza mambo mengi katika maisha yangu na nimeyasahau. Huyu sijamsahau, na nimeamua kumwandika kwa mkono huu huu niliofundishwa godauni. Kwao ni wapi na alizaliwa na nani sitaeleza, sikuuliza. Lakini niseme mapema kwa nini ni yeye na si mwingine. Alikuwa mtu pekee aliyejua mama yangu amelala wapi, na ilifika siku baba yangu alitaka kujua hilo kabla hajafa.

Kazi yake ilikuwa kusoma maji. Pale mtoni, mto Pangani ambao wazee wetu wanauita Luvu, serikali ya mkoloni ilisimika ubao mrefu wenye namba, nusu majini nusu nje. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni yeye alitakiwa aende aone maji yamegusa namba gani, aandike kwenye daftari, na kila baada ya miezi fulani ofisa wa maji alikuja na baiskeli kuchukua daftari na kuacha jingine. Basi, hiyo ndiyo kazi. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakarudi wamekatwa vidole. Yeye aliutazama ubao.

Namba alizijua vizuri sana. Nane yake ilikuwa nzuri kuliko nane ya mwalimu. Herufi ndizo hakuzijua, na pale kisomoni alikaa miaka bila kuvuka jina lake mwenyewe. Mwalimu alipombembeleza alijibu, "Mwanangu, herufi hazipandi wala hazishuki. Mtu anazitazama kila siku za nini?"

Ukingo pale kwenye ubao una mteremko mrefu, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kwa hiyo alichimba ngazi ishirini na mbili kutoka juu mpaka majini, akazipanga mawe kwenye midomo yake ili mto usizile. Sasa, yeye alikuwa mtu mrefu, miguu kama ya korongo, na ngazi alizipima kwa hatua yake mwenyewe. Sisi wanawake tulichota maji hapo hapo. Ngazi moja yake kwa mwanamke mwenye ndoo kichwani ni hatua moja na nusu, na hakuna hatua mbaya kama hiyo. Ukitupa mguu mmoja hufiki, ukitupa miwili unajikanyaga. Nimemwaga maji mengi kwenye ngazi zile kuliko niliyoyafikisha nyumbani.

"Baba," nilimwambia siku moja, nimelowa mpaka kiunoni, "hizi ngazi umewachimbia twiga?"

"Nimekichimbia kipimo. Ninyi mnapita tu."

Ndivyo alivyokuwa. Neno lake kubwa lilikuwa "Yamepimwa?" Ukimwambia mahindi mwaka huu yamestawi, anauliza yamepimwa? Ukimwambia fulani ana homa kali, anauliza imepimwa? Lakini umri wake hakuujua, na mkewe, marehemu sasa, alikuwa akituambia kisimani, "Huyu anajua maji ya mto ya miaka kumi iliyopita. Muulizeni mtoto wetu wa tatu alizaliwa msimu gani." Tulimuuliza. Alifikiri, akasema mtoto alizaliwa maji yakiwa futi sita. Mkewe hakucheka. Mimi pia nikitafakari sasa naona hakukuwa na cha kuchekesha, lakini siku ile nilicheka.

Siku ya Uhuru watu wa kitongoji chetu walikwenda Korogwe kuona bendera. Walikwenda tangu jana yake, kwa miguu, wamebeba vyakula. Mzee wa Kipimo alibaki, kwa sababu bendera ingepanda saa ambayo ingemfanya akose saa moja asubuhi. Waliporudi, wamekauka koo kwa kuimba, walimkuta ukingoni. Wakamwambia tumejitawala. Akasema hongereni. Wakamuuliza, na wewe umeonaje siku hii? Akasema, "Futi nne na inchi mbili."

Kwa miaka yote niliyomjua, ukimuuliza habari za Uhuru hilo ndilo jibu. Wengine wanakumbuka hotuba.

Nimesema kisiwa, nikieleze. Ilikuwa masika ya miaka michache baada ya hapo. Mto ulipanda ukang'oa ubao, ukaondoka nao. Yeye hakujua kuogelea, na hili watu hawaamini, kwamba mtu amekaa mtoni maisha yake yote na hajui kuogelea. Lakini ubao ni mali ya serikali. Na siku hiyo mto ulikuwa umebeba milingoti ya mkonge, ile miti ya maua ambayo ikikauka inakuwa nyepesi kama mkate. Ilikuwa imekwama ukingoni, lundo zima. Akakaa juu ya lundo, akalisukuma kwa mguu, akaufuata ubao.

Alichokuwa anafikiria sijui. Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Ubao ulikuwa unaondoka."

Lundo lilimtupa kwenye kisiwa cha katikati ya mto, mwendo wa siku kwenda chini, kisiwa kidogo chenye mikuyu na matete, na mamba wakilala upande wa jua. Ubao ulikuwa umefika kabla yake. Na juu ya ubao alikuwa amesimama mbuzi, jike, mwenye alama ya Wamasai sikioni.

Basi alikaa siku tisa yeye na mbuzi. Alikula tini za mikuyu na kambale aliowashika kwa mikono kwenye madimbwi. Ubao aliusimika upya pale kisiwani, na kila asubuhi na kila jioni aliusoma, na kwa kuwa daftari lilikuwa nyumbani alichana nyuzi za mkonge kutoka kwenye milingoti, akasokota kamba, akawa anafunga mafundo. Fundo kubwa futi, fundo dogo inchi. Siku ya tisa maji yaliposhuka alifunga milingoti vizuri kwa kamba nyingine, akapakia ubao, akapakia mbuzi, akavuka.

Watu walishaweka matanga. Alipotokea kwenye njia na ubao begani na mbuzi nyuma, mkewe alianguka. Yeye akasema, "Nipeni daftari."

Ofisa wa maji alipokuja alikataa zile namba kumi na nane. Alisema kipimo kilikuwa kimehama mahali pake, kwa hiyo vipimo havifai. Mzee akamjibu, "Mto ni ule ule, bwana mkubwa." Walibishana mpaka chai ikapoa. Mmasai mwenye mbuzi alikuja baadaye, akamkagua mnyama wake miguu yote, akauliza kwa nini hakumla siku tisa zote hizo. Mzee akasema, "Si wangu." Mmasai alimtazama sana.

Baba yangu ndiye aliyempa jina la Mchumba wa Mbuzi. Lazima niliseme hili, maana mambo ya mbele hayaeleweki bila hili. Baba alikuwa na mdomo. Kila wakikutana njiani alikuwa anauliza, "Shemeji hajambo? Bado anakula majani?" Mbele ya watu, mbele ya mkewe. Mzee aliinua mkono tu, akapita.

Tulipofika kwenye ukurasa ambao yule mtu wa kitabu anafuga mbuzi kisiwani, godauni zima liligeuka kumtazama Mzee. Yeye alikuwa anamtazama mwalimu.

"Aliwala?" aliuliza.

"Aliwala, mzee. Na ngozi akashona nguo."

Akasimama, akachukua fimbo yake, akaondoka. Ilikuwa karibu saa kumi na moja, labda ndiyo sababu.

Kulikuwa na kitabu kingine mle sandukuni, cha watu walioingia chini ya ardhi wakakuta maajabu. Hicho hakukipinga sana. Aliwahi kualikwa Hale, wasoma vipimo wote wa mto walialikwa, wakaonyeshwa namba zao zinakwenda wapi. Wakashushwa kwenye mashine ya umeme iliyojengwa chini kabisa ya ardhi. Kijiji kilimsubiri siku hiyo kama anatoka Maka. Tuliketi kumzunguka.

"Haya baba, huko chini kuna nini?"

"Kuna taa."

"Na nini tena?"

Akafikiri. "Kuna watu wanakunywa chai."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa safari yake ya chini ya ardhi. Mke wa kaka yangu, mpenda hadithi, alitoka hapo amekasirika kama mtu aliyedhulumiwa.

Na ule ubao wa futi ulipobadilishwa, wakaleta wa mita, hilo nalo niliweke hapa, ingawa nilitaka kuliweka mapema. Alikwenda asubuhi akakuta ubao mpya umeshasimikwa jana yake magharibi akiwa msibani, hakuna aliyemweleza. Jana maji yalikuwa futi nne na nusu. Leo ubao unasema moja na kitu. Alitujia mbio, yeye ambaye hakuwahi kukimbia, akisema mto umekufa, mto umepoteza futi tatu usiku mmoja. Sisi tulikuwa ndani ya maji hayo hayo, yametufika mapajani, tunafua. Tulimwambia baba, maji haya hapa. Hakutuamini. Aliamini ubao. Alipoelezwa alikasirika kwa msimu mzima, na tangu siku hiyo aliandika mita kwenye daftari la serikali na futi kwenye kamba yake nyumbani.

Sasa nakuja kwa mama.

Mama alikufa mwezi mmoja kabla ya malori. Tulimzika nyuma ya mashamba, kwenye kitongoji chetu cha zamani, nusu saa kutoka mtoni. Hatukujenga kaburi. Tuliweka kijiti kichwani na miba pembeni ili fisi wasifukue, tukasema tutalijengea tukivuna. Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji kipya, kule barabarani, wote, na malori yakaja. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya wala vizuri. Kijiji kipya kilikuwa na bomba, na mimi nilipata kusoma. Nasema tu lori lilikuwa dogo. Dereva alitazama jiwe la kusagia la mama, akasema mawe hayapandi, hata huko mnakokwenda mawe yapo.

Watu wakaanza kuzika vitu vyao, wakijua watarudi baada ya miezi miwili mitatu. Mawe ya kusagia, mitungi, milango mizuri. Jirani mmoja alizika cherehani ndani ya pipa. Na kila mmoja alikuwa analia atakumbukaje mahali, maana nyumba zilikuwa zinaezuliwa na bila nyumba hakuna alama.

Mzee wa Kipimo aliwapanga watu mstari. Pale kitongojini kulikuwa na jiwe pana, tulilianikia mahindi, na hilo halingepanda lori lolote. Alisimama juu yake akaelekea pengo la milima ya Usambara, lile linaloonekana wazi asubuhi. Kutoka hapo alitembea kwa hatua mpaka usawa wa kitu cha mtu, akageuka kulia, akatembea tena mpaka kwenye kitu chenyewe. Kila kitu kikapata kamba yake ya mkonge. Fundo kubwa hatua kumi, fundo dogo hatua moja, na kitanzi mahali pa kugeuka kulia. Mwishoni alifunga kipande cha nguo ya mwenye kitu, na kamba zote akabaki nazo yeye.

Alipomaliza vitu vya watu wote alikuja kwetu. Baba alikuwa amekaa juu ya gunia, hana la kusema, yeye mwenye mdomo. Mzee hakumsalimia. Akaniambia mimi, "Binti, nipe kanga ya mama yako." Nikachana pindo mara mbili. Akaenda akarudi na kamba mbili. Moja ya jiwe la kusagia: hamsini na mbili, kitanzi, kumi na tisa. Nyingine ilikuwa themanini na nne, kitanzi, thelathini na moja, na hiyo hakusema ya nini.

Miezi miwili mitatu ikawa miaka kumi. Pori lilirudi. Kaka yangu alikwenda huko mara mbili kutafuta kaburi, mara ya kwanza akaonyesha mahali, mara ya pili akaonyesha pengine, na mara zote aliapa. Kisha baba akaugua. Miguu ilivimba, akawa haamki, na akatuita mimi na kaka.

"Mtanizika kwa mama yenu," alisema.

Kaka akasema, "Baba, pale ni pori."

"Sikuuliza kama ni pori."

Akageuza uso ukutani. Akasema, huko huko ukutani, "Mwiteni yule." Tukajua ni nani. Hakusema mchumba wa nani.

Mzee wa Kipimo alikuja na kamba zote shingoni kama hirizi. Alikuwa amezeeka sana, nyonga imeharibika, anatembea na fimbo. Alimtazama baba pale kitandani, wakasalimiana kama watu wasiofahamiana. Baba akasema, "Waonyeshe watoto alipolala." Mzee akasema, "Yamepimwa." Tukaondoka watatu asubuhi hiyo.

Kaburi huwezi kulichimba ili ujue kama ndilo. Kwa hiyo tulikubaliana tutafute kwanza jiwe la kusagia. Likitokea mahali pake, kamba ni ya kweli, na kaburi litakuwa mahali pake pia.

Mzee alisimama juu ya jiwe pana, akaelekea pengo la milima. Akatembea akihesabu kwa sauti, mimi mbele yake nafyeka. Hamsini na mbili. Akageuka kulia. Kumi na tisa. "Hapa."

Kaka alichimba mpaka kiunoni. Hakuna. Wakarudia kuanzia mwanzo, wakafika karibu na pale pale. Kaka akachimba shimo la pili, kisha la tatu. Ardhi tupu, haijawahi kuguswa.

"Mzee," kaka alisema akiwa ndani ya shimo, jasho linamtoka, "au hii kamba ni ile ya kisiwani?"

"Namba haijakosea."

"Basi jiwe limetembea?"

"Jiwe halitembei."

"Sasa nani amekosea hapa? Maana baba anakufa kule, na mimi nachimba visima."

Mzee alirudi kwenye jiwe pana, akakaa, akaanza kupapasa mafundo tangu la kwanza. Akamaliza, akaanza upya. Akaanza tena. Sijawahi kumwona akihesabu kitu kimoja mara tatu. Mimi niliona aibu kumtazama, nikatazama chini.

Chini kulikuwa na nyayo zake, kwenye udongo mpya alioutupa kaka. Zilikuwa zimekaribiana kama za mtu anayebeba uji wa moto.

"Baba," nikasema, "zile ngazi za mtoni."

"Ngazi zina nini?"

"Ulizipima kwa hatua ipi?"

Akaitazama miguu yake, kwanza mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayewatazama vibarua waliomwibia.

"Ya wakati ule," alisema.

Nilichukua kamba tupu, isiyo na mafundo, nikakimbia mtoni. Nilikuwa mtu mzima, nina wajukuu, na nilikimbia. Nyuma nilimsikia akipiga kelele, "Usipime moja! Pima kumi! Moja inaweza kudanganya!"

Zilikuwapo zote, mawe kwenye midomo, jinsi alivyoziweka. Zile zile nilizozilaani na ndoo kichwani. Nilitandaza kamba kwenye ngazi kumi, nikafunga fundo, nikapima na moja pembeni, nikarudi. Kaka akaivuta kamba kutoka kwenye jiwe pana kuelekea pengo la milima: mara tano, na hatua mbili. Tukalipita shimo la kwanza, tukalipita mbali, tukaingia kwenye miba ambako hata hatukufikiria kuangalia. Kulia, kamba moja na hatua tisa. Kaka akapiga jembe. Akapiga tena. Lilipoingia kina cha mkono mpaka kiwiko, jembe likalia.

Jiwe la mama lilikuwa limelala kifudifudi kama tulivyolilaza. Nililigeuza, nikaweka kiganja pale katikati palipochimbika kwa mikono yake.

"Haya," alisema Mzee wa Kipimo, "twende themanini na nne."

Kule kijiti kilishaliwa na mchwa. Lakini ardhi ilikuwa imedidimia kwa urefu wa mtu, imelala jinsi makaburi yetu yanavyolala, na kaka aliona kabla hata ya kumaliza kamba. Mzee alimlazimisha amalize. Thelathini na moja ikaangukia ukingoni mwa lile shimo. Kaka akasoma dua. Mzee aliitikia amina, huku kidole gumba kikipita kwenye mafundo.

Jioni tulimwambia baba. Akauliza, "Mna hakika, au ni kaka yako anaapa tena?"

"Jiwe limetokea, baba."

Akauliza tulivyolipata. Nikamweleza ngazi. Alicheka mpaka akakohoa, cheko la mwisho nililomsikia, na akasema, "Mpelekeeni mbuzi." Tulimpelekea. Mzee alimpokea, hakumchinja. Mbuzi yule alikufa kwa uzee wake.

Baba hakumaliza mwezi. Alilala alipotaka.

Miaka kadhaa baadaye, natoka kuuza vitumbua sokoni Manundu, nilipita njia ya mtoni na kapu tupu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, karibu na ubao. Ofisa wa maji alishaacha kuja kuchukua madaftari, siku nyingi. Kamba ilikuwa mapajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

Nikajua macho yamekwisha. Nikajitaja.

"Wewe unayesoma," alisema. "Nisomee basi. Mimi nautazama naona ukungu."

Niliinama. "Mita moja na sentimita thelathini."

"Kwa futi?"

Hesabu hiyo ilinichukua muda, nikitumia vidole na mchanga. "Futi nne na inchi tatu."

Akatikisa kichwa. "Imezidi Uhuru kwa inchi moja."

Akafunga mafundo yake. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Baba yako yuko hatua ngapi kutoka kwa mama yako?"

"Mbili, kulia."

"Zako au zangu?"

"Zako, baba."

"Zangu za lini?"

"Za ngazi."

Akatafuta kwenye shingo yake, akapapasa vipande vya nguo kimoja kimoja mpaka akakipata cha kanga ya mama. Akafunga kitanzi, akafunga mafundo mawili madogo, akayakaza kwa meno yake mawili yaliyobaki, akanipa kamba.

"Sasa nisaidie kupanda," alisema.

Nilimshika mkono. Kila ngazi aliipanda kwa hatua mbili ndogo, na kila ngazi aliihesabu moja. Mimi na kapu langu nilikuwa najikanyaga kama zamani. Tulipofika juu alisimama akapumua, akasema, "Ishirini na mbili."